Wino Kwenye Kifua cha Feza

Wanangu mnaoanza kazi ya chumba cha upasuaji hapa Kasongo, siku mtakapoambiwa kwamba kesho ni kazi ya kupunguza matiti, msicheke. Ninawajua. Mmezoea henia, goita, na akina mama wanaoletwa wakiwa nusu wafu kwa sababu mtoto amekataa kutoka, na hayo ndiyo mnayoyaita magonjwa. Titi kubwa kwenu ni maneno ya kuchekesha ya vijana wa pikipiki. Mimi nilikaa mle ndani nikimpa daktari vyuma mpaka macho yangu yakakataa kuona tundu la sindano, na ninawaambia kwamba kazi iliyoniliza kuliko zote haikuwa ya damu nyingi. Ilikuwa ya titi moja lililopanda juu kuliko mwenzake.

Kwanza mjue uzito wenyewe. Mwanamke wa kwetu anabeba kitunga mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, na kitunga kinamvuta nyuma. Sasa mtundikie mtu huyo kifuani mizigo miwili ambayo hawezi kuitua hata akilala, imvute mbele. Shingo inapinda. Mabega yanachimbika pale kamba za sidiria zinapopita, na msimu wa mvua ngozi ya chini ya titi inaoza kwa jasho. Nimeona wasichana walioacha shule kwa sababu hiyo, wala hawakukosa akili. Wengine walilala wamekaa, mgongo ukutani, maana wakilala chali walikosa pumzi. Ukimwona mtu wa namna hiyo anaingia, mpe kiti kabla hujamuuliza jina.

Aliyetufundisha kazi hii alikuwa mpasuaji mzee kutoka Bukavu. Alikuja na ndege ndogo, akakaa nasi msimu mzima, akagombana na kila mtu, na alipoondoka tulimlilia. Somo lake la kwanza lilikuwa kunyamaza. Alimsimamisha mgonjwa mbele yake, yeye akakaa kwenye kigoda, akatazama tu. Dokta Benjamini wa hapa kwetu, ambaye ndiye alikuwa mwanafunzi wake, alitaka kuanza kuchora papo hapo. Mzee akampiga kofi mkononi.

"Weye unakimbilia wapi?" akamwambia. "Hii si pikipiki, haitakuacha."

Alisema kweli. Hakuna mwanamke mwenye matiti yaliyo sawa kabisa. Wewe dada unayesoma, jitazame leo ukioga: moja limeshuka kidogo, au limejaa kidogo upande wa kwapa. Basi ukikata kipande kilekile huku na huku, umemrudishia mtu tofauti yake ya zamani, ila sasa ina makovu juu yake. Lililo kubwa linapunguzwa zaidi, na huwezi kujua ni lipi bila kutazama.

Tena anayechorwa awe amesimama, mikono imening'inia. Msichana mwenye haya akisimama kifua wazi mbele ya daktari hupandisha bega moja, wala hajui kama amelipandisha. Ukimchora hivyo, mistari yako imeshapotea kabla ya kisu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kumpigisha hadithi za kwao, bei ya mawese, jirani aliyeoa mke wa tatu, mpaka bega lishuke lenyewe. Papa Useni, mwenzetu aliyewalaza wagonjwa kwa sindano, alikuwa akisema kwamba hospitali inanilipa kwa umbeya. Hakukosea sana.

Bega likishuka, tunachukua uzi wa kushonea wenye fundo. Fundo linakaa kwenye shimo la koo, uzi unashuka mpaka pale chuchu mpya itakapowekwa, kisha unahamishiwa upande wa pili bila kuvutwa. Wino wetu ulikuwa wa kalamu nene ya buluu, ile ya kuandikia makatoni ya dawa. Siku hizi nasikia mna kalamu za kazi hiyo hasa. Hongereni.

Halafu mizani. Hospitali haikuwa na mizani ya kufaa, basi tukanunua ya kuning'iniza kwa muuza samaki mmoja wa Nyangwe. Niliisugua, nikachemsha ndoano yake, lakini Papa Useni aliapa kwamba harufu haijatoka. "Leo tunakula nini?" aliuliza kila tulipoitundika, na Dokta Benjamini akanuna. Nyama ya upande wa kulia inaingia beseni hili, ya kushoto beseni lile, zinapimwa. Lakini msiiamini mizani kupita kiasi. Inawaambia kilichotoka, haiwaambii kilichobaki, na mgonjwa anakwenda nyumbani na kilichobaki. Kwa hiyo kabla ya nyuzi za mwisho, mgonjwa anainuliwa akae palepale mezani, akiwa bado usingizini, na mtu mmoja anakwenda kusimama mbali upande wa miguu, atazame kama yuko sawa.

Yote hayo tulikuwa tunayajua siku alipokuja Feza.

Alitoka Wamaza, upande wa Kabambare, nyuma ya pikipiki, pamoja na mama yake, mjane asiye na mtoto mwingine. Tulimwita Mama Feza. Mzee wa Bukavu alikuwa ameshaondoka, na Dokta Benjamini alikuwa amefanya kazi hii peke yake mara kadhaa, na vizuri. Matiti ya Feza yalianza kukua alipovunja ungo, kama ya wenzake, ila ya kwake hayakujua kukoma. Yalimfika kiunoni. Kijijini walisema amezaa kwa siri akamtupa mtoto. Wengine walisema amelogwa na mke wa baba yake mdogo. Mama yake aligombana na nusu ya Wamaza kwa ajili ya maneno hayo, na nusu nyingine hakuwa anasalimiana nayo.

Lakini alikuwa na mchumba. Kijana wa duka hapa mjini, wa familia ya Kiislamu kama yake, alikuwa amemwona, amempenda, na posa imekubaliwa. Shida haikuwa kijana. Ndoa za hapa mjini mnazijua. Kabla bibi harusi hajaingia kwa mumewe, shangazi za mume wanamwogesha, nao hawana haya ya kutazama, na kilichoonekana uani kinafika sokoni kabla maji hayajakauka.

"Mama," Feza aliniambia, ameshika ncha ya kitenge chake, "miye siombi yakuwe madogo tu. Ninaomba yakuwe sawa. Wale wamama watanitazama."

"Tutajitahidi, mwanangu."

"Sawa sawa, mama. Moja isipite ingine."

Alasiri ya siku moja kabla ya upasuaji tulimchora. Lilikuwa zoezi zuri. Bega lake lilishuka haraka kwa sababu alipenda kucheka, na Dokta Benjamini alichukua muda wake, akasogea nyuma, akarudi, akafuta mstari mmoja, akauchora upya. Upande wa kushoto ulikuwa na kidonda chini ya titi, pale ngozi ilipokuwa imeoza, kwa hiyo tulikwenda polepole. Alipomaliza alimwambia Feza asijisugue kifua mpaka kesho, na Feza akaitikia. Mama yake hakuwepo. Alikuwa nje kwenye mafiga ya wagonjwa anapika sombe ya majani ya muhogo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo. Huko ambako vitabu vya upasuaji huandikwa, anayemwogesha mgonjwa ni muuguzi. Kwetu ni ndugu yake. Ndugu ndiye anayempikia, anayemfulia, anayelala chini ya kitanda chake. Kumwambia mgonjwa peke yake ni kama kumwambia mtoto mchanga asinyonye. Anayepaswa kuambiwa ni yule mwenye ndoo ya maji.

Alfajiri Mama Feza alichemsha maji, akampeleka mwanawe nyuma ya wodi, akamwogesha. Kwetu mtu anayekwenda kwenye kisu anaogeshwa na aliyemzaa. Hakuna anayesema kwa nini, ila wote tunajua: asiporudi, awe ameondoka safi. Alimsugua kwa dodoki na sabuni ya kipande kuanzia nywele mpaka nyayo. Feza alinisimulia baadaye kwamba alijaribu.

"Mama, wameandika hapo."

"Waandike kwa gunia," mama yake akamjibu. "Mutoto wangu si gunia."

Feza akainua mikono aogeshwe. Utamkatazaje mama yako kukuosha siku kama hiyo? Titi la kulia lilisuguliwa mpaka likang'aa. La kushoto, kwa sababu ya kidonda, mama alilipangusa kwa kiganja tu, na wino ukabaki, umefifia kidogo. Kisha akamvika kitenge kipya, akamfunga mpaka shingoni, akamleta mlangoni kwetu akimsomea dua.

Na sisi tulikuwa na desturi yetu, ya heshima. Wanawake tuliwalaza kwa sindano wakiwa wamefunikwa, ndipo tuwafunue, ili wasione haya mbele ya wanaume. Niliipenda desturi hiyo, na mzee wa Bukavu hakuwahi kuisema vibaya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tunamsaidia mgonjwa kuuficha mpaka dakika ya mwisho.

Papa Useni akapiga sindano. Feza akalala. Nikafungua kitenge.

Kushoto mistari ilikuwepo. Kulia palikuwa ngozi tupu, laini, inanukia sabuni.

"Dokta, tumuamushe?" Papa Useni akauliza.

Dokta Benjamini alisimama mikono juu, ameshanawa. Dawa ya usingizi ilikuwa imebaki kidogo sana, na ndege ya kuleta nyingine haikujulikana itakuja lini. Mgonjwa alikuwa mzima, tayari. Mtu mwingine angefanya nini, sijui. Ninajua mzee wa Bukavu angefanya nini: angetukana, angemfunika, angemrudisha kitandani.

"Kushoto iko," akasema Dokta Benjamini. "Tutapima kulia kutokana na kushoto."

Tukaleta uzi. Fundo kwenye shimo la koo, ncha kwenye alama ya kushoto, kisha ukahamia kulia. Uzi ulikuwa sahihi. Lakini mwili wa mtu aliyelala chali si mwili wa mtu aliyesimama. Titi zito likilala linakimbilia kwapani, ngozi inalegea, na lile kunjo la chini linapanda kuelekea shingoni. Alama za kushoto zilichorwa Feza akiwa wima anacheka. Za kulia zilichorwa akiwa chali, hana habari. Mabeseni tulipima, na la titi la kushoto, ambalo ndilo lilikuwa kubwa tangu mwanzo, lilikuwa zito zaidi, kama ilivyopaswa.

Tukamwinua akae. Mimi nilishika mgongo, Papa Useni akashika kichwa, dokta akaenda kusimama miguuni. Mwili uliolala kwa sindano hauna mfupa. Feza aliniegemea akateleza kidogo upande wa kulia, bega la kulia likashuka, na pamoja nalo titi. Kwa mwinamo huo yalikuwa sawa, chuchu na chuchu, kama yamepigiwa mstari.

"Namuna gani?" dokta akauliza.

"Iko sawa," tukasema wote. Akafunga.

Bandeji zilipotoka na uvimbe ukaanza kuisha, Feza alisimama mbele yangu. Kwanza alilia kwa furaha, msinielewe vibaya. Alivuta pumzi mpaka tumboni. Aligeuka kulia na kushoto haraka haraka kama mtoto aliyetuliwa mzigo. Kidonda kilipona. Kisha akaomba kioo.

La kulia lilikuwa limepanda. Lilikuwa juu kwa kiasi ambacho hata kipofu angekijua kwa kiganja, na chuchu yake ilitazama kwapani. Nilimwambia asubiri, kwa sababu kweli matiti yaliyopasuliwa hayahukumiwi mapema. Hushuka, hujaa chini, hubadilika kwa miezi. Tukasubiri. La kushoto likashuka vizuri likakaa mahali pake. La kulia likabaki kule juu.

Na hili mlikariri. Chuchu ikikaa chini mno, siku nyingine unaweza kuipandisha. Ikikaa juu mno, hakuna anayejua kuishusha bila kuacha kovu juu ya kifua, pale ambapo nguo haifiki. Kwa hiyo mkiwa na shaka, wekeni chini kidogo. Dokta Benjamini alimwambia Feza ukweli huo, hakuuzungusha. Kisha akatoka nje akakaa kwenye gari la hospitali lisilo na magurudumu mpaka mchana. Nilimfuata nikamwambia alipaswa kumwamsha. Nilikuwa na hasira sana siku ile, kwa hiyo nikamwambia tena.

Feza alikuja kwangu peke yake. "Mama, niambie. Juu ya nini upande moja?"

Nikamwambia ni kwa nini. Wino, sabuni, uzi, meza. Alisikiliza mpaka mwisho, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Kwa hiyo ni vile mama aliniosha."

"Ni sisi tuliopaswa kukuangalia kabla ya kukulaza."

"Lakini kama hangeniosha, ingekuwa sawa."

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Yeye asijue," akasema. "Mama, uniapie. Dokta naye aape. Akijua, atakufa."

Nikaapa. Nikampelekea dokta maneno hayo, naye akaapa.

Harusi ilisogezwa mbele, kisha ikafanyika, kwa sababu kijana aling'ang'ania. Shangazi walimwogesha. Hawakusema kitu mbele yake. Lakini mjini wakaanza kusema kwamba mke wa kijana wa duka amekatwa kwa ugonjwa mbaya, wengine kwamba ule ugonjwa bado umo, na atamrithisha mtoto kwa maziwa. Mama mkwe akaacha kula alichopika Feza. Kijana alivumilia, akavumilia, kisha akaanza kulala dukani. Mvua za kwanza ziliponyesha, Feza alikuwa ameshapandishwa pikipiki kurudishwa Wamaza, mgongo wake umenyooka kama wa askari.

Baada ya hapo tulibadilisha mambo. Mama wa mgonjwa, au dada, au shangazi, yeyote mwenye ndoo, anaingia siku ya kuchora, na yeye ndiye anayeshika fundo la uzi kwenye shimo la koo. Akishashika fundo, hatasugua. Dokta anachoma vijialama vidogo kwa ncha ya sindano pale penye mistari mikubwa, ili hata wino ukitoka alama ibaki. Na mgonjwa anafunuliwa akiwa macho, amesimama, mbele ya mwanamke mmoja tu, kabla ya sindano yoyote. Ukikuta alama zimefutika, mtu anarudi kitandani, hata kama dawa ni kidogo. Fanyeni hivyo hata daktari akiwanunia.

Kilichobaki ni kuwaeleza siku Mama Feza alipokuja.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya wagonjwa wa nje, uwanja umejaa. Pikipiki ilisimama katikati ya watu. Alishuka kilemba kimelegea, na Feza nyuma yake anajaribu kumshika mkono.

"Ule dokta iko wapi?" akapiga kelele. "Atoke! Muliharibu mutoto wangu! Kifua yake iko kama ya watu wawili! Wamemurudisha, munasikia? Wamemurudisha kama muzigo!"

Dokta Benjamini akatoka na koti lake jeupe. Watu wakafungua njia.

"Ni nini mulimufanyia?" Mama Feza akamuuliza. "Juu ya nini iko vile? Sema! Watu wote wasikie!"

Dokta alifungua mdomo. Nilimwona akimtazama Feza juu ya bega la mama yake. Feza alitikisa kichwa, kidogo tu.

"Ni kosa yangu, mama," dokta akasema. "Miye ndiye nilikata vibaya."

Uwanja mzima ulisikia. Mwanamke mmoja mwenye goita, aliyekuwa amengoja zamu yake tangu alfajiri, alichukua kifurushi chake akaondoka, na wengine wakamfuata. Wasichana wenye mizigo kifuani hawakuja tena kwetu kwa muda mrefu sana. Dokta alijua itakuwa hivyo alipokuwa anasema.

"Munasikia?" Mama Feza akawaambia watu. "Yeye mwenyewe anasema!" Lakini sauti haikuwa na nguvu tena. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, kilemba kikamwanguka, mikono imefunguka mapajani.

"Miye niliwapatia mutoto muzima," akasema, sasa kama anazungumza na sisi wachache. "Ile asubui nilimuosha na mikono yangu, mwili yote, nikawaletea yeye safi. Si ni kweli, Feza? Si nilikuosha muzuri?"

Feza alipiga magoti. Akakiokota kilemba, akakikung'uta, akamfunga mama yake kichwani taratibu.

"Uliniosha muzuri, mama," akasema. "Simama, twende."